Kodi ya Makala Niliyoileta Majengo

Kodi nyingi zimenipitia maishani, lakini moja niliianzisha mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimevaa shati jeupe na sketi ya bluu ya shule, nimesimama mlangoni pa depo ya mama kule Majengo, na sikuhitaji bunge wala sahihi ya waziri. Nilihitaji maneno matano tu. Mpaka saa sita mchana safu nzima ya wauza makala ilikuwa imechachamaa, na nadhani hakuna sheria ya nchi hii iliyowahi kushika kasi namna ile.

Makala ndiyo mkaa. Kwetu Goma hatuna jina lingine. Yalishuka kwa malori kutoka upande wa Rutshuru, gunia juu ya gunia, na kila gunia lilikuwa na kichwa, yaani makala yaliyozidi mdomo wa gunia, yakapangwa kwa mkono mpaka yakasimama kama kilemba, kisha yakafungwa kwa kamba na majani. Muuzaji alijulikana kwa vichwa vyake. Vichwa vya mama vilikuwa vya haki, si virefu wala vifupi, na depo yake ilikuwa ya pembeni, pale lori linapoanza kushusha. Wenzake walimwonea wivu kwa ajili ya pembe ile, na hawakumficha.

Haikuwa depo yake ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa mahali pale pale, ila chini zaidi, chini kabisa ya jiwe. Volkano iliposhuka mimi nilikuwa mgongoni kwake, sikumbuki chochote, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata nasikia harufu. Tuliporudi tulikuta jiwe jeusi limelala juu ya kila kitu, bado la moto, linayeyusha ndala. Mama anasema alisimama akatazama moshi mwembamba ukitoka kwenye ufa, akajua ni makala yake yanaungua huko chini bila kupika hata kiazi kimoja. Anasema alicheka. Siamini, lakini ndivyo anavyopenda kuisimulia. Kisha akasimamisha mbao juu ya jiwe lile lile, akaanza upya.

Baba yangu alikuwa dereva. Watu wake walitoka Maniema zamani, wafanyabiashara, na yeye alibeba makala hayo hayo ambayo mama aliyauza. Katika miaka ya waasi barabara ya Rutshuru ilikuwa na wenyewe wengi: leo hawa, kesho wale, keshokutwa wote wawili, kila mmoja na kamba yake barabarani. Nilipokuwa shule ya msingi, baba alipakia asubuhi moja na hakufika. Aliyefika ni dereva mwenzake, muzee mmoja wa kofia ya sufu. Mama alimwuliza swali ambalo wanawake wote wa safu ile waliuliza kila asubuhi mahali pa salamu. "Barabara iko aje, muzee?" Muzee alivua kofia. Akaishika kwa mikono miwili.

Mama aliendelea kuuliza swali lile kila asubuhi, miaka yote, na aliendelea kumwuliza muzee yule yule. Mimi nililichukulia kuwa mazoea.

Sasa, siku yenyewe. Redio ya safu nzima ilikuwa kwa mama, imefungwa kwenye nguzo kwa waya. Habari za Kiswahili zilichelewa, na nani angengoja? Za Kifaransa zilipoanza, kila mmoja alinyamaza, kisha macho yote yakanigeukia. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, nasomea biashara, na mimi ndiye pekee pale niliyefika huko. Nilipenda kuulizwa. Nisiseme uongo: kuna siku nilichelewa shule makusudi ili niulizwe.

Msomaji wa habari alisema kwamba serikali inaandaa "taxe carbone", kodi ya taifa zima, na kwamba mambo yatabadilika kwa wachafuzi. Hapo pikipiki ikapita na bomba lake bovu, ikameza yaliyobaki. Sikujali. Nilikuwa nimekwisha kuelewa. Mwalimu wetu wa kemia hakuwa na maabara. Alikuwa na kipande cha makala mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na siku ya somo alikiinua mbele yetu akasema, watoto, hii ndiyo carbone. Kisha akaandika ukutani kwa kipande hicho hicho, maana chaki zilikuwa zimekwisha. Sikuwahi kusahau somo lile. Laiti ningelisahau.

"Banasema nini, mutoto?" aliuliza Mama Mapasa, jirani wa depo ya pili, tuliyemwita hivyo kwa sababu alikuwa amezaa mapacha.

"Serikali inaleta taxe ya makala."

"Wapi? Hapa Majengo?"

"Inchi nzima," nikasema, na nikaongeza neno la Kifaransa juu yake ili lisimame vizuri.

Ningewaeleza vipi raha niliyoisikia? Wanawake wazima, waliowahi kubishana na wanajeshi, walinyamaza kwa sababu yangu. Niliondoka kwenda shule nikitembea kama mtu aliyepakwa mafuta. Niliporudi, kodi yangu ilikuwa imefika kabla yangu kila mahali. Gunia lilikuwa limepanda bei. Waliokuwa na makala wameyaficha nyuma ya mabati, na wasiokuwa nayo wanamlilia muzee dereva alete lori la pili wiki hiyo hiyo. Mama Mapasa, amekaa juu ya bidon, dumu lake la njano, alikuwa anatoa mafunzo.

"Serikali itahesabu gunia," alisema. "Gunia ni gunia. Ikiwa na kichwa ya kufika mawinguni, bado ni gunia moja. Tuongeze kichwa."

Na kweli, malori yaliyofuata yalishuka na magunia ambayo sijawahi kuyaona, vichwa virefu kuliko miili, yakiyumba kama walevi. Baadaye nilisoma uchumi chuoni, na nikakuta mabwana wameandika kurasa na kurasa kuhusu jinsi watu wanavyokwepa kodi kwa kugeuza kile kinachopimwa. Mama Mapasa aliimaliza habari hiyo akiwa juu ya bidon. Mtu alipomwuliza kama hata hivyo kodi haitawaumiza, alijibu kwamba atakayelipa ni mwenye sufuria, siyo yeye, na hilo nalo lina sura yake nzima kitabuni.

Wenye sufuria hawakungoja. Nyumba mbili za uani kwetu zilianza kupika maharage katika chungu kimoja na kugawana. Watu waliloweka maharage tangu asubuhi ili yaive haraka. Mwalimu mmoja aliyekuwa na umeme alinunua jiko la waya, likazima nyumba sita kwa mpigo, akatukanwa mtaa mzima. Fundi wa mbabula, yale majiko madogo ya bati tunayowekea makala, aliamka kutoka usingizini na kuanza kuzitengeneza upya zikiwa na udongo ndani ili zishike moto. Kodi haikuwepo, na tayari ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nakwenda huku na huku kuangalia, nimejaa furaha ya ajabu, kama mtu aliyebonyeza kitufe kimoja akaona mji mzima unasogea.

Mama peke yake hakusogea. Siku mbili alikaa pembeni pake akichambua mchele. Siku ya tatu, tukinywa chai, akaniuliza.

"Ulisikia muzuri ile redio?"

"Nilisikia, mama."

"Una hakika."

"Mama, si ni Kifaransa? Miye nasoma Kifaransa."

"Sawa," akasema, akamaliza chai yake. "Minauza depo."

Nilidhani anatania. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepatana na Mama Mapasa. Pembe ile iliyoonewa wivu miaka yote ikapita mkono mwingine pamoja na magunia, mbao na mabati. Mama aliweka sharti moja tu, ambalo liliwachekesha wote: abaki na haki ya kufagia. Vumbi lote la makala, ule unga mweusi unaobaki chini gunia likisogezwa, ambao wauzaji huutupa juu ya mawe, liwe lake. Si la depo yake tu, la safu nzima.

"Chukua, mama," Mama Mapasa akamwambia. "Na buibui pia chukua."

Na hapo zikaanza wiki tatu ambazo nazikumbuka kwa furaha kuliko arusi yangu. Mama alikuwa amewahi kuona, kwa shemeji yake mmoja, vumbi la makala likikandwa na kuwashwa. Alikumbuka kwamba lilikandwa. Kwa nini halikupasuka, hakukumbuka. Tulianza na maji matupu: madonge yakakauka, yakamomonyoka. Tukajaribu udongo: yakawa magumu vizuri, hayakuwaka kabisa, tungeweza kujengea nyumba. Tukajaribu madaftari yangu ya zamani tuliyoyaloweka, na hapo moshi ulitoka hata jirani akaja na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo. Nikatafuta mwaka ambao niliwahi kumwona, sikuupata.

Kilichokubali ni uji wa unga wa muhogo. Mwepesi, wa moto, kijiko kwa kijiko, unakanda mpaka mkono unasikia kwamba vumbi limeshikana. Tuliyaviringisha madonge kwa viganja, tukayaanika juu ya jiwe la volkano, ambalo likipata jua kwa muda wa saa mbili hukaa na joto mpaka jioni. Siku ya kupima, mama aliweka saba ndani ya mbabula ya udongo, akatia sufuria ya maharage. Tulikaa pembeni kama wanaongoja mtoto azaliwe. Hayakutoa cheche, hayakutoa moshi wa kusumbua, yaliwaka polepole kwa ukaidi mpaka maharage yakaiva, na bado yakabaki ya kuchemshia chai. Nilimkumbatia mama kwa mikono meusi, kitenge chake kikaharibika.

Watu waliyaita mandazi meusi ya mama. Walikuja kucheka, wakaondoka na bakuli la kujaribu, wakarudi. Mimi niliona mambo makubwa mbele. Niliona misitu ya mbuga imesimama, ile inayolindwa na askari wa mbuga walioko Rumangabo, kwa sababu ya mandazi yetu. Niliona waziri akija Majengo. Na katika yote hayo nilijiona mimi, niliyeleta habari.

Ndipo ikaja barua ya mkutano. Maofisa walikuwa wanakuja kuwaeleza wananchi ile kodi mpya, katika ukumbi wa kata, Jumamosi saa tatu. Wanawake wa safu walikutana wakaamua kutuma msemaji, na msemaji nani tena? Niliandika hotuba ya Kifaransa kurasa mbili. Muzee dereva alinipa orodha ya vizuizi vyote vya barabarani kutoka Rutshuru mpaka Goma, nani anasimama wapi na anachukua nini kwa kila gunia, maana hoja yetu ilikuwa kwamba sisi tumekwisha kulipa njiani. Mama alivaa kitenge kipya na mtandio wake wa Idi, akakaa mstari wa pili. Mama Mapasa alikaa karibu naye. Wengine walijaza mistari mitatu.

Nilisoma vizuri. Mpaka leo nasema nilisoma vizuri. Sauti haikutetemeka, na nilipofika kwenye orodha ya vizuizi watu wa nyuma walisimama ili wasikie. Nilipomaliza wanawake walipiga makofi. Ofisa alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye adabu, na nafikiri alitafuta njia ya kunisitiri, akaikosa.

"Dada," akasema kwa Kiswahili, "hotuba ni muzuri sana. Lakini taxe yetu si ya charbon, si ya makala. Ni ya carbone."

Kisha akaeleza. Carbone inayotajwa ni ile iliyomo ndani ya moshi, inayopanda hewani na kuharibu majira ya mvua. Watakaolipa ni wenye viwanda, wenye ndege, wanaoingiza mafuta. Anayechafua zaidi atalipa zaidi, mpaka aone ni rahisi kwake kuchafua kidogo. Wauza makala hawamo. Hawajawahi kuwamo. Alilirudia neno mara mbili, carbone, charbon, akituonyesha kwa vidole kwamba ni vitu viwili, na ukumbi ukaanza kucheka, kwanza nyuma, kisha wote.

Nilikunja karatasi zangu. Sikumwangalia ofisa wala waliokuwa wanacheka. Nilimwangalia mama, na wazo moja lilikuwa linanipiga kichwani: depo ya kwanza ilichukuliwa na volkano, ya pili nimemchukulia mimi kwa neno moja la Kifaransa.

Mama alinyanyua mkono. Hakungoja kupewa ruhusa.

"Papa," akamwambia yule kijana, akimwita baba kwa heshima, "moshi ya makala, haina hiyo carbone?"

"Iko nayo, mama. Mingi."

"Basi mutoto yangu hakukosa. Alitangulia tu."

Ukumbi ukacheka tena, lakini safari hii kwa namna nyingine, na mimi nikapata pumzi. Mama hakuwa amemaliza.

"Niulize ingine. Bale benye bunduki kule barabarani, siye tunabalipa kwa kila gunia, tangu huyu akiwa mudogo. Hiyo si taxe? Na pori iko inaisha. Sasa hii yenu, pesa yake itaenda wapi? Maana taxe ikienda mahali mubaya, inakata miti kuliko shoka."

Yule kijana alivua miwani akaifuta. Akasema kwamba hilo ni swali zuri, na akaliandika. Nimesoma mengi tangu siku ile, nimekaa katika mikutano yenye vipaza sauti na chupa za maji, na bado naona swali la mama ndilo lenyewe. Bei inabadilisha watu. Nilikuwa nimeona kwa macho Majengo ikiloweka maharage kwa kuogopa kodi ya hewa. Lakini waliotoza njiani miaka yote ile walikuwa na haja msitu uendelee kukatwa, kwani kila mti ulioanguka ulikuwa gunia jingine la kutozwa.

Tulirudi kwa miguu. Wanawake walitangulia wakiigiza ofisa na vidole vyake viwili. Mimi nilibaki nyuma na mama, nalia, na nilikuwa na hasira na mwalimu wa kemia, na pikipiki, na nafsi yangu zaidi. Nikamwambia, mama, nisamehe, depo yako nimeipoteza. Alinipa ncha ya mtandio nijifutie.

Tulikuta Mama Mapasa ametangulia kufika, amesimama mlangoni pa ile pembe, na hakuwa anacheka. Nilijiandaa kutukanwa, maana vile vichwa virefu vya magunia vilikuwa vimemharibia wateja, na sasa bei itashuka. Lakini yeye alimgeukia mama.

"Mama, siye ni majirani," akasema. "Ulinipa hii depo juu ya neno ya mutoto. Neno ilikuwa ya bure. Nirudishie nilichotoa, polepole, ukamate mahali yako."

Nilitaka kumbusu mikono. Kumbe mtu anaweza kukuonea wivu miaka kumi na bado akakurudishia. Nikamshika mama bega, nikamwambia akubali, akubali sasa hivi, na nikaanza kueleza jinsi tutakavyofanya, nitaacha hata chuo mwaka mmoja, nitauza pamoja naye. Nilisema haraka haraka. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha kurudi mahali pake, na mzigo uliokuwa kifuani umeshuka.

Mama aliitazama ile pembe muda mrefu. Alitazama nguzo, redio yake, waya. Lori lilikuwa linakuja mbali kidogo, tulisikia sauti yake kwenye mlima.

"Asante sana, mama," akamwambia Mama Mapasa. "Lakini kaa nayo."

"Mama," nikasema.

"Wiki tatu," akasema, na sasa alikuwa ananiambia mimi. "Wiki tatu nzima sijauliza barabara iko aje. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Mimi niliyeona maharage ya jirani na jiko la mwalimu, niliyekuwa nahesabu vichwa vya magunia kwa macho, sikuona kwamba mama yangu alikuwa ameacha kuuliza. Kila asubuhi kwa miaka yote ile aliyangoja malori kama anayengoja habari ile ile ije mara ya pili, na kila asubuhi alilazimika kumtazama usoni mtu yule yule. Vumbi halikuwa na barabara. Lilikuwa pale chini, lingefagiwa tu. Mama alikuwa anatafuta sababu ya kutoka, na mimi nikamletea moja kwa Kifaransa.

Sitasema tulitajirika. Baadaye volkano ilishuka tena, waasi wakarudi, barabara ikafungwa kabisa, na bila makala hata vumbi likaisha. Tulikanda pumba za mbao, magunzi ya mahindi, majani makavu, na mengine hayakuwaka. Ile kodi ya carbone yenyewe nimeisikia ikitajwa redioni mara kadhaa tangu hapo, na kila mara naacha kijiko nisikilize mpaka sentensi ya mwisho. Lakini nikiulizwa nini kilinifanya nisome uchumi, sitaji kitabu. Nataja asubuhi iliyofuata mkutano ule.

Tulikuwa nje, mama anakoroga uji wa muhogo, mimi napepeta vumbi. Lori la muzee lilikuja likapunguza mwendo mbele yetu, ingawa hatukuwa tena na chochote cha kushushiwa. Akazima injini. Akashuka na kofia yake ya sufu, akasimama pale akingoja, kama alivyozoea. Mama alimsalimia, akamwuliza habari ya mke wake nyumbani, akamwuliza mgongo, akaendelea kukoroga.

Muzee hakuondoka. Alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Barabara iko muzuri, mama," akasema hatimaye.

"Asante, muzee," mama akajibu. "Lakini miye sikuuliza."

Muzee akamtazama. Kisha akavua kofia, akaketi juu ya jiwe karibu na sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe, alikunywa chai kwetu.